Siku ya Mvua Zulfa Alipoinua Mkono

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye umfikishie shikamoo yangu, umwambie nimeota mara mbili wiki hii nikiwa jikoni kwake nakoroga ugali, na mara zote mbili alinikosoa ninavyoshika mwiko.

Natumaini kikohozi chake kimekwisha, na kwamba baridi ya huko Mbinga haijawa kali kuliko mwaka jana. Kaka Festo aliniambia kahawa imebeba vizuri na kwamba wewe mwenyewe unapanda mlimani kuitazama kila asubuhi hata ukiambiwa upumzike. Mie huku ni mzima. Unaona, nimeshaanza kuandika “mie” kama watu wa Dar. Mama mwenye nyumba wangu hapa Kimara ananitunza vizuri, na safari ya kazini nimeizoea. Barua hii nampa Dada Kandida, yule muuguzi wa Parokia, ambaye anakuja huko kesho kumwona mama yake.

Sasa nikujibu. Festo alinipa maneno yako uliposikia nimepunguziwa vipindi darasani nikapewa maktaba. Alisema uliweka kikombe chini ukasema, “Wamempumzisha mapema.” Sikukasirika, Baba. Hata mimi siku ile niliyopewa nililia kidogo chooni. Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la nne, mwenye nguvu zangu zote, kwenda kufuta vumbi kwenye vitabu. Ila mambo yaliyotokea masika haya nataka uyajue kwa urefu, kwa sababu mengine ni ya fahari na mengine ni ya aibu yangu, na yote siwezi kuyasema kwa simu.

Shule yetu ipo Tandale, upande wa bondeni, ambako mvua kubwa zikianza watu huinua magodoro juu ya meza. Maktaba ni chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Mwenyewe hasa wa chumba hicho si mimi. Ni Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa Mwananyamala, aliyepiga taipu mahakamani miaka mingi mpaka akastaafu. Hakuna aliyemwajiri. Alikuja kumwandikisha mjukuu wake, akaona vitabu vimerundikwa kwenye maboksi vinaliwa na mende, akarudi kesho yake na ndoo na kitambaa, na hajaacha kuja tangu hapo.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta amepiga magoti sakafuni na buibui lake amelikunja, anavalisha vitabu karatasi za kaki. Akanitazama juu ya miwani.

“Wewe ndiye mwalimu wa maktaba?”

“Ndiyo. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Unajua kupika gundi ya unga?”

Nikasema sijui.

“Basi tuanzie hapo.”

Baba, ungempenda. Herufi zake ubaoni zimenyooka kana kwamba bado anapiga taipu. Hamwinulii mtoto sauti. Mtoto akichana ukurasa, anamkalisha naye wanaugundisha pamoja, na mtoto yule hachani tena maisha yake yote.

Nilidhani masika yangetufungia kazi, kumbe ndiyo majira yenyewe ya maktaba. Uwanja ukijaa maji hakuna mpira wala kuruka kamba, watoto wote wanakimbilia kwetu. Mlangoni tumeweka beseni la kuoshea miguu na khanga kuukuu za kukaushia mikono, maana kitabu na tope havikai pamoja. Bi Mwanaidi alikata chupa ya maji, akaibandika rula ubavuni, akaitega nje. Kila asubuhi watoto wawili wanapima mvua iliyonyesha na kuandika kwenye ubao wetu mdogo wa “Habari za Mvua”. Wengine wakaleta viluwiluwi kwenye kopo, tukawa tunasoma habari za vyura huku tunawatazama wakiota miguu. Nyuma ya chumba tumepanda mchicha kwenye viroba, na anayetaka kumwagilia lazima kwanza asome maelezo yaliyobandikwa hapo kwa sauti. Na juu, kutoka ukuta hadi ukuta, tumefunga nyuzi. Mtoto akimaliza kitabu anakata tone la karatasi ya bluu, anaandika jina lake na la kitabu, tunalitundika. Kufikia katikati ya masika mtu mrefu alikuwa anainama kupita chini ya mvua yetu ya karatasi.

Katika matone yale yote, darasa langu la nne lilikuwa na mtoto mmoja asiye na tone hata moja. Jina lake Zulfa.

Ni mtoto mwembamba, anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Mama yake anauza dagaa sokoni Tandale. Kwenye imla alikuwa anapata sifuri, au anaandika sentensi zisizo na uhusiano wowote na nilizosoma. Nikimwita haitiki. Nikimsogelea kumuuliza, ananikazia macho usoni, hapepesi, kama mtu anayenipima. Wewe ulitufundisha kwamba mtoto anayemkodolea mkubwa macho hivyo ana dharau, na mimi nilikuamini. Mwezi wa pili nilimsimamisha nje ya darasa kipindi kizima. Kwenye ripoti yake nikaandika kwa wino mwekundu: “Ana kiburi. Hajibu anapoitwa.” Niliandika bila kusita, nikafungua ripoti ya mwenzake.

Zamu ya darasa la nne kuazima vitabu ni Alhamisi. Bi Mwanaidi alikuwa anaita majina, macho yakiwa kwenye daftari, mmoja mmoja, anayeitika anakuja kuchagua. Ukiitwa mara mbili usipoitika, anapita kwa anayefuata. Zulfa hakuwahi kuitika.

Alhamisi moja watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, Bi Mwanaidi anawasomea hadithi aliyoitunga mwenyewe na kuiandika kwenye daftari, ya mfinyanzi ambaye chungu chake kilikataa kuiva. Mimi nilikuwa mlangoni nakamua khanga. Alipofika mahali mfinyanzi anakibembeleza chungu, mvua ikashuka. Unajua mabati yetu hayana dari. Ilishuka kwa kishindo hata mimi niliyekuwa hatua nne kutoka kwake sikusikia neno. Watoto wakaanza kupiga kelele kwa furaha, na hizo kelele nazo hazikusikika.

Bi Mwanaidi hakufunga daftari. Aliendelea kusoma midomo ikicheza, akibembeleza chungu cha hewani, akikasirika, akikipa mgongo. Watoto wakamtazama, wakacheka, wakatulia. Alipomaliza ukurasa akachukua chaki akaandika: “Nani ameelewa?”

Mkono mmoja uliinuka, kule nyuma kabisa. Zulfa.

Nikajisemea anatafuta kuchekwa. Bi Mwanaidi akampa chaki. Mtoto akaandika ubaoni, taratibu, kwa mwandiko safi: “Mfinyanzi alikiambia chungu, nitakupeleka kwa mama yangu. Chungu kikasema, mama yako atapikia uji ndani yangu kila siku, nitachoka.” Maneno hayohayo, Baba. Nililiangalia daftari baadaye, alikosea neno moja tu.

Bi Mwanaidi akalitazama lile andiko kwa muda. Kisha akainua daftari likafunika mdomo wake, akasema kitu. Uso wa Zulfa ukabaki mtupu. Akashusha daftari, akasema tena. Mtoto akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu. Bi Mwanaidi akalipandisha, akalishusha. Mara tatu. Kisha akageuka akanitazama mimi mlangoni, na mikono yangu ikaacha kukamua.

Mvua ilipopungua, Zulfa alikuwa bado anaandika ubaoni. Bi Mwanaidi akapita nyuma yake na mfuniko wa debe la gundi, akauachia ukaanguka sakafuni. Mkeka mzima uliruka. Zulfa akamalizia herufi yake, akaweka nukta.

Watoto walipotoka, Bi Mwanaidi aliketi, akavua miwani.

“Adelina, yule mtoto hasikii.”

Nikakaa karibu yake kwenye mkeka.

“Kusoma anajua. Anatusoma sie midomoni. Na mie kila Alhamisi naliruka jina lake, najiambia huyu hapendi kitabu.”

Alijitaja yeye kwanza. Angeweza kuanza na mimi, maana mimi ndiye mwalimu wake, nilikuwa naye kila siku huku nikisoma imla nikizunguka nyuma ya madawati. Nikamweleza habari ya ripoti. Nikamweleza na kumsimamisha nje. Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio.

“Kesho twende kwa mama yake,” akasema. “Utasema wewe. Mie nitakaa pembeni.”

Tulimkuta Mama Zulfa kwenye meza yake ya dagaa, anapepeta. Akaniamkia kwa heshima, akaanza kuomba radhi kabla sijafungua mdomo, akidhani nimeleta mashtaka mengine. Nikamwambia mashtaka ni yangu mimi. Nikamweleza yote, kuanzia mvua mpaka mfuniko. Nilipomaliza alikuwa ameacha kupepeta.

“Mwalimu,” akasema, “mie nilimpiga mwanangu kwa maneno yako.”

Watu wa meza za jirani walisikia. Nikamwambia najua, na kwamba nimekuja kumwomba msamaha yeye leo, na mtoto nitamwomba mwenyewe. Alilia akiwa amesimama, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Akasema mtoto alipokuwa na miaka mitano aliugua, akatoka usaha masikioni, ukakauka, wakashukuru Mungu. Tangu hapo amekuwa mkimya, na akisema neno ni kwa sauti ya juu. Yeye alidhani ni tabia, baba yake naye hakuwa msemaji.

Nikasema twende hospitali. Hapo akarudi nyuma. Aliogopa wakimwandika kiziwi watamwondoa shuleni wampeleke bweni la mbali. Na meza angemwachia nani? Siku moja bila kuuza ni siku bila chakula.

Bi Mwanaidi, ambaye kweli alikuwa amekaa pembeni wakati wote juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema, “Meza nitakaa mie.”

Mama Zulfa akamwangalia buibui lake na miwani yake ya kamba. “Bibi, umeshawahi kuuza dagaa?”

“Sijawahi. Nionyeshe kopo lipi ni lipi.”

Baba, Jumatatu ile mama huyu aliyeandika hukumu za watu mahakamani alikaa sokoni Tandale tangu asubuhi hadi alasiri akipima dagaa kwenye tope na nzi. Nilisikia baadaye kwamba wateja walimpenda mno, maana alikuwa anawaongezea konzi bila kuombwa, na Mama Zulfa alipata kazi kesho yake kuwaeleza kwamba mambo yamerudi kama zamani.

Sisi watatu tulikwenda hospitali. Njiani nilichuchumaa mbele ya Zulfa, uso kwa uso, nikamwambia pole pole kwamba nilikosea, kwamba hakuwa na kiburi, na kwamba naomba anisamehe. Alisoma midomo yangu mpaka mwisho. Akaniuliza, kwa ile sauti yake kubwa, “Kwa hiyo utafuta kwenye ripoti?” Nikamwambia nitaandika mpya. Akasema sawa, akanipa mkono, kama watu wazima wanavyomaliza jambo.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole. Sikio la kulia lina tundu kwenye ngoma, la siku nyingi, na hilo linahitaji matibabu marefu. La kushoto lilikuwa limeziba nta ngumu, na nyuma yake limevimba. Alililainisha kwa dawa, tukasubiri, akalisafisha. Zulfa alikuwa ameushika mkono wa mama yake amekunja uso. Daktari alipomaliza, mtoto aliinua kichwa akatazama juu.

“Mama, nini ile?”

Ilikuwa feni. Ilikuwa inazunguka tangu tulipoingia, inakwaruza kidogo kila mzunguko, na mimi hata sikuwa nimeiangalia.

Sitaki kukudanganya kwamba amepona. Sikio la kushoto linasikia ukiwa karibu, la kulia bado, na amepewa tarehe za kurudi na dawa za matone. Huenda akahitaji kifaa cha kumsaidia. Lakini hakuna aliyemwondoa shuleni. Mwalimu Mkuu alinisikiliza, akatoa agizo Zulfa akae dawati la mbele upande wa kulia wa darasa, ili sikio jema limwelekee mwalimu, na sisi walimu tusiongee tukiwa tumelipa darasa mgongo. Jambo dogo hivyo. Sasa kila ninapogeukia ubao najishika ulimi. Na unajua nini? Wamepanda alama za imla watoto wengi, si Zulfa peke yake.

Na maktaba haiiti tena majina. Bi Mwanaidi alilifungia lile daftari la kuita. Siku hizi majina anayaandika ubaoni, kila mtoto anakuja anaweka alama mbele ya jina lake na kuchagua kitabu. Alhamisi ya kwanza ya mtindo huo, Zulfa alisimama mbele ya ubao akaliangalia jina lake muda mrefu kabla ya kuweka alama. Wiki ile alisoma vitabu vitatu. Ilibidi tufunge uzi mpya.

Mwisho wa masika tulifanya siku ya kusoma, tukaalika wazazi. Darasa la kwanza waliimba irabu, darasa la tatu wakasoma takwimu zao za mvua kwa mbwembwe utadhani ni taarifa ya habari, mmoja akamshika chura aliyekua kutoka kwenye kopo akamponyoka katikati ya wageni, ikawa vurugu. Halafu Zulfa akapanda juu ya kibao kusoma ile hadithi ya mfinyanzi.

Alisoma kwa sauti kubwa mno, ya kufika barabarani. Watoto wa nyuma wakaanza kuchekacheka. Nikataka kwenda kumshika bega apunguze. Bi Mwanaidi akanizuia kwa kidole tu. Mtoto hakusikia vicheko, akaendelea. Akakibembeleza chungu, akakikasirikia, akakipa mgongo, kila kitu kama alivyokiona siku ya mvua. Alipofika mahali pa uji kila siku, wazazi wakacheka, lakini cheko la kufurahia, na wale wa nyuma wakanyamaza kwa sababu sasa walitaka kujua chungu kitaiva au hakitaiva.

Mama Zulfa alikuwa amesimama karibu yangu, amefunga meza yake siku hiyo kwa hiari.

“Sauti yote hiyo,” akaninong’oneza. “Nyumbani nilikuwaga namwambia apunguze.”

“Na leo?”

“Leo mwache asome.”

Ndiyo hayo, Baba. Nimekutana na watu wenye vyeo hapa mjini, lakini sijamwona mtu ninayetaka kufanana naye kama mama huyu anayepika gundi ya unga. Nilipomwambia hivyo aliniangalia kana kwamba nimeomba mkopo, akanituma nikamwage maji ya beseni.

Nisalimie Mama, na Festo na mkewe. Shangazi anayeuza vitumbua Parokiani umwambie vya huku vina sukari lakini havina ladha. Bibi mzaa Mama mpe shuka ninalomletea kwa mkono wa Dada Kandida, ni la kwake, Festo asilitwae. Wale wapwa zangu mapacha waambie shangazi yao anauliza kila mmoja amesoma nini mwaka huu, na nataka majibu ya kuandika, siyo ya simu.

Nilitaka kufunga hapa, lakini liko jambo ambalo nimelizungukia ukurasa baada ya ukurasa kwa kuogopa kulisema.

Krismasi nilipokuja, nilikuaga jioni moja nikiwa nyuma yako, ukaendelea kumenya muwa. Nikadhani umechukia kwamba naondoka mapema. Mama anasema umeacha kufundisha kwaya, eti waimbaji wa siku hizi wananong’ona. Festo anasema ukizungumza naye shambani unataka asimame mbele yako, na yeye anaona unamkalia kibabe. Nikikupigia simu unanijibu “ndiyo, ndiyo, vizuri,” hata nilipokuuliza umekula nini. Nilikaa miaka miwili nikiyaona haya na kuyaita uzee, au hasira, au wewe tu.

Baba, sikuandiki kukukosoa. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu. Nimeshazungumza na Dada Kandida, yeye anajua siku ambazo daktari wa masikio anafika hospitali ya misheni, na atapita nyumbani kukuchukua. Nenda naye. Usimwambie una kazi ya kahawa, Festo ataitazama kahawa. Ukirudi, Mama akuimbie ule wimbo wa kwaya mnaoubishania, asimame nyuma yako wala si mbele, halafu mniandikie nani kati yenu alikuwa anakosea sauti.

Mimi mwanao akupendaye,

Adelina